Tabia ya kovalenti katika kampaundi za ioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila muhula kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na kutoka kwa walimu wanaotayarisha somo la bondi za kikemia. Ukubwa wa ioni umetolewa kwa pikomita, kwa ioni iliyozungukwa na majirani sita, na nyuzi za joto ni za Selsiasi. Vitabu vya zamani vina takwimu tofauti kidogo, kwa hiyo usichanganye majedwali mawili katika hesabu moja.

Kampaundi ikishaitwa ya ioni, tabia ya kovalenti inatoka wapi tena?

Darasani tunachora atomi ya sodiamu ikitoa elektroni moja, ya klorini ikiipokea, kisha duara mbili zenye chaji zikivutana. Mchoro huo ni kikomo ambacho hakuna kampaundi inayokifikia kabisa. Anioni (ioni yenye chaji hasi) imezungukwa na wingu la elektroni, na elektroni za nje kabisa hazishikwi kwa nguvu na kiini chake. Kationi (ioni yenye chaji chanya) ikiwa karibu, huvuta wingu hilo upande wake na kusukuma kiini cha anioni upande wa pili. Wingu linapinda. Hapo tunasema anioni imepolarishwa.

Wingu likipinda vya kutosha, sehemu ya elektroni hukaa kati ya viini viwili, na elektroni zinazokaa hapo ndizo bondi ya kovalenti. Hakuna mstari ambao upande mmoja wake ni ioni na wa pili ni kovalenti. Kuna kampaundi zilizo karibu na ncha hii, kama CsF, na zilizo karibu na ncha ile, kama BeCl₂, na nyingine zote zimetawanyika katikati.

Kanuni za Fajans ni zipi?

Kazimierz Fajans, mwanakemia aliyezaliwa Warsaw mwaka 1887, alizitoa mwaka 1923 alipokuwa akifanya kazi Munich. Zinasema tabia ya kovalenti huongezeka pale ambapo:

- kationi ni ndogo na ina chaji kubwa;
- anioni ni kubwa na ina chaji kubwa;
- kationi haina mpangilio wa elektroni wa gesi adimu, yaani ganda lake la nje lina elektroni za d (s, p na d ni aina za nafasi ambamo elektroni hukaa).

Mbili za kwanza kila mwanafunzi anazikumbuka. Ya tatu husahaulika, na ndiyo inayoeleza fedha, zebaki, risasi na shaba.

Nguvu ya kationi ya kupolarisha naipimaje?

Njia ya haraka ni kugawanya chaji kwa nusukipenyo. Ukitumia nanomita, namba zinakuwa rahisi kusoma:

Na⁺: 1 ÷ 0.102 = 9.8
Mg²⁺: 2 ÷ 0.072 = 27.8
Al³⁺: 3 ÷ 0.0535 = 56.1

Kutoka sodiamu hadi alumini chaji imeongezeka mara tatu tu, lakini nguvu imeongezeka karibu mara sita, kwa sababu ioni yenyewe imepungua hadi kama nusu. Mambo hayo mawili hufanya kazi pamoja, ndiyo maana mabadiliko katika safu ya tatu ya jedwali la elementi ni makali kuliko wengi wanavyotarajia.

Ukishuka kundi la kwanza utapata Li⁺ 13.2, Na⁺ 9.8, K⁺ 7.2. Kundi la pili: Be²⁺ 44.4, Mg²⁺ 27.8, Ca²⁺ 20.0, Ba²⁺ 14.8. Tazama Be²⁺ na Al³⁺: 44.4 na 56.1. Beriliamu iko mbali na magnesiamu kuliko ilivyo mbali na alumini, na tabia zake zinaonyesha hivyo: kloridi zote mbili hupendelea molekuli, na oksidi zote mbili huyeyuka katika asidi na katika alkali.

Baadhi ya vitabu hugawanya kwa mraba wa nusukipenyo. Mfuatano ndani ya kundi moja haubadiliki, namba tu ndizo hubadilika. Usitumie namba hizi kama kipimo cha asilimia. Ni za kulinganisha.

Hg²⁺ na Ca²⁺ zina chaji moja na ukubwa karibu sawa. Mbona kloridi zake hazifanani hata kidogo?

Swali zuri, na ndilo linalothibitisha kanuni ya tatu vizuri kuliko mfano mwingine wowote. Ca²⁺ ni pikomita 100, Hg²⁺ ni 102. Kwa chaji na ukubwa peke yake, CaCl₂ na HgCl₂ zingekuwa ndugu. CaCl₂ huyeyuka kwenye nyuzi 772, na ikiyeyuka hupitisha umeme vizuri. HgCl₂ huyeyuka kwenye nyuzi 276 hivi, imeundwa na molekuli za mstari Cl–Hg–Cl, na hata ikiyeyushwa majini hupitisha umeme kidogo sana.

Tofauti iko kwenye ganda la nje la kationi. Ca²⁺ ina elektroni 8 za s na p, ambazo hukinga vizuri chaji ya kiini. Hg²⁺ ina 18, kumi kati yake za d, na elektroni za d hukinga vibaya. Anioni inayosogea karibu na Hg²⁺ huhisi chaji kubwa kuliko ile 2+ iliyoandikwa. Juu ya hilo, elektroni za d zenyewe hupinda kwa urahisi, kwa hiyo kationi nayo hupolarishwa na anioni.

Kationi za namna hii ni Cu⁺, Ag⁺, Zn²⁺, Cd²⁺ na Hg²⁺. Tl⁺, Sn²⁺, Pb²⁺ na Bi³⁺ nazo zinaingia hapa, ingawa zina elektroni mbili za s juu ya zile 18.

Vitabu vingi hutumia Cu⁺ na Na⁺ kama jozi ya mfano, vikidai zina ukubwa sawa. Madai hayo yanatokana na majedwali ya zamani, 96 na 95. Katika majedwali ya sasa Cu⁺ ni 77 na Na⁺ ni 102, kwa hiyo mfano umepoa. Jozi ya kalsiamu na zebaki haina tatizo hilo.

Na upande wa anioni?

Chukua alumini na ubadilishe halojeni. F⁻ ni pikomita 133, Cl⁻ 181, Br⁻ 196, I⁻ 220. AlF₃ ni gumu, hugeuka mvuke karibu na nyuzi 1290. AlCl₃ hugeuka mvuke karibu na nyuzi 180. AlBr₃ huyeyuka kwenye 97 hivi. Kationi ni ile ile. Kilichobadilika ni wingu la anioni, ambalo kadiri lilivyo kubwa ndivyo elektroni za nje zilivyo mbali na kiini chake na rahisi kuvutwa.

Chaji ya anioni nayo ina uzito: S²⁻ hupinda kwa urahisi kuliko Cl⁻. Al₂S₃ ikiguswa na maji hutoa harufu ya mayai yaliyooza kwa sababu H₂S inatoka, huku Al₂O₃ ikikaa majini bila kujali. O²⁻ ina chaji ile ile 2−, lakini ni ndogo na imeshikwa imara zaidi.

Je, kiwango cha kuyeyuka kikishuka ni ushahidi wa tabia ya kovalenti?

Wakati mwingine. Hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Katika safu moja ya jedwali hoja husimama: NaCl 801, MgCl₂ 714, AlCl₃ 180 kwa mvuke. Vivyo hivyo kwa elementi moja yenye chaji mbili tofauti. SnCl₂ huyeyuka kwenye 247, SnCl₄ ni kimiminika hadi −33. PbCl₂ huyeyuka kwenye 501, PbCl₄ ni kimiminika cha manjano. FeCl₂ ni 677, FeCl₃ ni 307 hivi. Chaji imepanda, ioni imepungua, tabia ya kovalenti imeongezeka.

Sasa tazama kloridi za kundi la kwanza: LiCl 605, NaCl 801, KCl 770, CsCl 645. Kutoka lithiamu hadi sodiamu kiwango kinapanda, kama Fajans angetabiri. Kutoka sodiamu kwenda chini kinashuka, ingawa tabia ya ioni inazidi kuongezeka. Si kwamba kanuni imekosea. Kiwango cha kuyeyuka kinategemea nguvu ya kimiani (mpangilio wa ioni ndani ya fuwele), na kimiani cha ioni kubwa hushikamana kwa nguvu ndogo kwa sababu umbali kati ya chaji umeongezeka. Mambo mawili yanavutana, na baada ya sodiamu lile la pili linashinda.

Kuna mtego mwingine. Almasi na kwazi ni kovalenti tupu, na viwango vyake vya kuyeyuka viko juu mno. Kinachoshusha kiwango ni kuwepo kwa molekuli ndogo ndogo zilizoshikana kwa kani dhaifu. Bondi za kovalenti zenyewe hazihusiki. AlCl₃ huondoka kwa urahisi kwa sababu molekuli zake huachana kwa urahisi, wakati bondi ya Al–Cl ni imara kabisa. Mwanafunzi anayeandika "AlCl₃ huyeyuka mapema kwa sababu bondi za kovalenti ni dhaifu" anapoteza alama, na anastahili kuzipoteza.

Ushahidi ulio bora kuliko kuyeyuka ni upitishaji wa umeme wa kimiminika chake. NaCl iliyoyeyuka hupitisha vizuri sana. AlCl₃ iliyoyeyushwa kwa shinikizo karibu haipitishi.

Basi AlCl₃ ni ya ioni au ya kovalenti?

Inategemea unaiulizia ikiwa wapi. Katika hali ya mango, kila alumini imezungukwa na klorini sita katika tabaka, muundo ulio karibu na wa ioni. Ikipata joto, kabla tu ya kuyeyuka mango hili huanza kupitisha umeme kiasi, kisha likiyeyuka upitishaji huanguka ghafla. Sababu ni kwamba muundo mzima umebadilika: kimiminika na mvuke ni molekuli za Al₂Cl₆, kila alumini ikiwa na klorini nne, mbili kati yake zikiwa daraja kati ya alumini mbili. Ukipima uzito wa molekuli za mvuke kwenye joto la chini utapata karibu 267, si 133.5. Ukiongeza joto sana, namba hushuka kuelekea 133.5 kwa sababu jozi zinaachana.

Ikiwekwa majini hali inageuka tena. Maji hung'oa kloridi zote na kuzingira alumini, na unapata [Al(H₂O)₆]³⁺ na Cl⁻, yaani myeyusho wa ioni unaopitisha umeme vizuri. Kwa hiyo chupa mbili zilizoandikwa "kloridi ya alumini" kwenye rafu moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: AlCl₃ kavu, na AlCl₃·6H₂O ambayo ni chumvi ya ioni isiyofuka. Soma lebo hadi mwisho.

Chupa ya AlCl₃ kavu hufunguliwa ndani ya kabati la moshi tu. Unyevu wa hewani humenyuka nayo na kutoa gesi ya HCl, na chupa iliyokaa muda mrefu huwa na gesi hiyo ndani kwa shinikizo, kwa hiyo legeza kifuniko polepole ukiwa umevaa miwani ya usalama na glavu. Maji yakimwagwa juu yake humenyuka kwa kishindo. Ukitaka kuonyesha darasani, tia unga kidogo wa ncha ya kijiko ndani ya maji mengi, kamwe si maji ndani ya unga.

Ikiwa unatengeneza mwenyewe kwa kupitisha klorini kavu juu ya alumini iliyopashwa moto, shida kuu ni mbili. Ya kwanza ni unyevu: kama klorini haikukaushwa au neli ya mwisho haina kikaushio cha CaCl₂, utapata unga wa kijivu unaonata badala ya fuwele. Ya pili ni neli nyembamba. Kwa kuwa AlCl₃ huganda moja kwa moja kutoka mvuke, huziba neli nyembamba na shinikizo kupanda nyuma yake. Tumia neli pana inayoingia moja kwa moja kwenye chupa ya kukusanyia.

Kwa nini alumini haitengenezwi kwa elektrolisisi ya AlCl₃, ambayo huyeyuka kwa urahisi kuliko Al₂O₃?

Kwa sababu hiyo hiyo: kimiminika cha molekuli hakipitishi umeme. Al₂O₃ ndiyo hutumika, na kwa kuwa yenyewe huyeyuka juu ya nyuzi 2000, huyeyushwa ndani ya krioliti (floridi ya sodiamu na alumini) karibu na nyuzi 950. Njia hiyo ni ya mwaka 1886 na bado ndiyo inayotumika viwandani. BeCl₂ nayo, ili ipitishe umeme, huchanganywa na NaCl kwanza.

Mbona myeyusho wa kloridi ya alumini ni asidi wakati wa kloridi ya sodiamu si asidi?

Nguvu ya kupolarisha haiishii kwenye anioni. Al³⁺ ndani ya maji huvuta elektroni za molekuli sita za maji zilizoizunguka, bondi za O–H zinadhoofika, na maji mengine ya karibu yanachukua H⁺:

[Al(H₂O)₆]³⁺ + H₂O ⇌ [Al(H₂O)₅OH]²⁺ + H₃O⁺

pKa yake (kipimo cha nguvu ya asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali) ni karibu 5, kwa hiyo myeyusho wa 0.1 M huwa na pH ya karibu 3. Fe³⁺ ni kali zaidi, pKa karibu 2.2. Mg²⁺ iko juu ya 11, na Na⁺ haina athari inayopimika. Ukitia kabonati ya sodiamu kwenye myeyusho wa Al³⁺ hupati kabonati ya alumini; unapata povu la CO₂ na mashapo meupe ya hidroksidi. Hakuna chupa ya kabonati ya alumini wala ya kabonati ya chuma(III) kwenye maabara yoyote ya shule, na sababu ndiyo hiyo.

Athari hiyo hiyo huleta matatizo wakati wa kukausha chumvi. MgCl₂·6H₂O ukiichoma kwenye bakuli wazi hutoa HCl pamoja na maji, na kinachobaki si MgCl₂ safi bali mchanganyiko wenye oksidi. Ukitaka MgCl₂ kavu, ipashe moto ndani ya mkondo wa HCl kavu. CaCl₂ haisumbui kiasi hicho, kwa kuwa Ca²⁺ ina nguvu ndogo ya kupolarisha.

Kabonati zinaingiaje katika mada hii?

Ioni ya CO₃²⁻ ni kubwa na wingu lake limetandaa juu ya oksijeni tatu. Kationi yenye nguvu huvuta elektroni za oksijeni iliyo karibu nayo, bondi ya C–O ya hapo inadhoofika, na joto likiongezeka CO₂ hutoka, oksijeni ikibaki na metali kama oksidi. Kadiri kationi inavyopolarisha zaidi, ndivyo kabonati inavyovunjika mapema.

Takwimu zinazoonyesha hivyo ni joto linalohitajika kuvunja moli moja: MgCO₃ karibu kJ 100, CaCO₃ 178, SrCO₃ 234, BaCO₃ 269. Mabadiliko ya entropia ni karibu sawa kwa zote, kati ya J 160 na 175 kwa kelvini. Ukigawanya, unapata joto ambalo CO₂ hufikia shinikizo la bar 1: karibu nyuzi 300, 840, 1100 na 1290. Vitabu hutofautiana juu ya namba hizi kwa sababu vingine huandika joto ambapo kabonati huanza kuvunjika na vingine joto ambapo inavunjika upesi. MgCO₃ ndiyo inayoumia zaidi. Utaona hadi 540.

Maelezo ya wingu kupinda yanatosha kwa mtihani, lakini si hadithi nzima. Nusu nyingine ni kwamba kationi ndogo hupata faida kubwa ya nishati ya kimiani inapobadilisha CO₃²⁻ kubwa kwa O²⁻ ndogo. Ba²⁺ ni kubwa tayari, kwa hiyo faida yake ni haba. Mwalimu wa kidato cha sita asiogope kutoa maelezo yote mawili. Yanaelekea upande mmoja.

Mifano ya karibu ipo. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu, na matumbawe ni CaCO₃: moto mkali wa muda mrefu unahitajika kwa sababu kalsiamu haipolarishi sana. Upande wa pili kuna magadi ya Ziwa Magadi, Kenya. Kinachochimbwa pale ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, na kikichomwa hutoa maji na CO₂ ya upande wa bikabonati tu:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Na₂CO₃ inayobaki haivunjiki kwenye joto hilo. Huyeyuka karibu na nyuzi 851 ikiwa bado kabonati.

Nawezaje kulinganisha kabonati kwenye maabara ya shule?

Pima moli sawa, si gramu sawa. Kwa moli 0.02: Na₂CO₃ g 2.12, CaCO₃ g 2.00, MgCO₃ g 1.69, ZnCO₃ g 2.51. Zikaushe kwanza kwenye oveni, nyuzi 100 hadi 110, kwa saa moja.

1. Weka sampuli kwenye neli ngumu ya kuchemshia, ishikilie kwa kibanio karibu na mdomo, ikilala na mdomo ukiinama kidogo chini ili maji yoyote yanayotoka yasirudi kwenye kioo cha moto.
2. Unganisha neli ya kupitishia gesi hadi kwenye maji ya chokaa, sentimita za ujazo 5.
3. Washa kichomeo cha Bunsen kwa moto wa buluu, umbali ule ule kwa kila sampuli, na anza kuhesabu muda.
4. Andika muda ambao maji ya chokaa yameanza kuwa meupe.
5. Toa neli kwenye maji ya chokaa kwanza, ndipo uondoe moto. Ukigeuza mpangilio huo, gesi ikipoa itanyonya maji hadi kwenye kioo cha moto na kitapasuka.

Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyopanuka, usiyahesabu. ZnCO₃ itatangulia MgCO₃, na hapa pana jambo la kufurahisha: Zn²⁺ ni pikomita 74 na Mg²⁺ ni 72, chaji ni moja, kwa hiyo tofauti unayoiona ni kazi ya elektroni za d. ZnO huwa njano ikiwa moto na nyeupe ikipoa.

Mambo yanayoharibu matokeo: "kabonati ya magnesiamu" ya dukani mara nyingi ni kabonati yenye hidroksidi na maji, kwa hiyo hutoa mvuke mwingi kabla ya CO₂. Kabonati ya shaba nayo ni mchanganyiko na Cu(OH)₂, ndiyo sababu haikuwekwa kwenye orodha ya moli juu. Na₂CO₃ ikitoa CO₂, jua ina NaHCO₃ ndani yake. Chaki ya ubaoni mara nyingi si CaCO₃ bali ni salfati, hivyo usiitumie. Na CaCO₃ kwa moto wa Bunsen hutoa matokeo hafifu. Usimwambie mwanafunzi amekosea.

Lithiamu mbona haifanani na ndugu zake?

Li⁺ ni ndogo, pikomita 76. LiNO₃ ikichomwa hutoa mvuke wa kahawia wa NO₂, kama nitrati ya magnesiamu; NaNO₃ na KNO₃ hutoa oksijeni tu na kubaki nitriti. LiCl huyeyuka vizuri katika ethanoli, NaCl kidogo sana.

Kwa nini AgF huyeyuka majini na AgI haiyeyuki?

Ag⁺ ni pikomita 115, ina elektroni za d kumi, na I⁻ ni anioni inayopinda kwa urahisi. Kimiani cha AgI hushikamana kwa nguvu ya ziada ya kovalenti ambayo maji hayawezi kuilipa. Zao la umumunyifu (namba ambayo ikiwa ndogo, chumvi huyeyuka kidogo majini) huenda hivi: AgCl 1.8 × 10⁻¹⁰, AgBr 5 × 10⁻¹³, AgI 8.5 × 10⁻¹⁷. AgF haimo kwenye orodha kwa sababu inayeyuka sana.

Kwenye kipimo cha halidi: chukua sentimita za ujazo 2 za sampuli, ongeza 1 ya HNO₃ 2 M, kisha matone ya AgNO₃ 0.05 M. Kloridi hutoa mashapo meupe, bromidi rangi ya krimu, iodidi njano. Amonia 2 M huyeyusha AgCl. AgBr huhitaji amonia kali. AgI haiyeyuki hata humo. Floridi haitoi chochote, na hiyo yenyewe ni habari.

Yanayokwamisha: kutumia HCl badala ya HNO₃ (umejiletea kloridi mwenyewe), kuosha neli kwa maji ya bomba yenye kloridi, kusahau asidi kisha kuona mashapo ya kabonati ya fedha, na kuacha AgCl juani hadi igeuke zambarau-kijivu halafu kubishana juu ya rangi. Mchanganyiko wa fedha na amonia usiwekwe hadi kesho. Unaweza kuacha masalia yanayolipuka. Utie asidi siku hiyo hiyo kabla ya kuutupa kwenye chombo cha taka za fedha.

Rangi nayo ni dalili?

Ndiyo, mradi ioni zenyewe hazina rangi. Pb²⁺ haina rangi, I⁻ haina rangi, PbI₂ ni njano angavu. HgI₂ ni nyekundu. CaS ni nyeupe, PbS nyeusi. Wingu la anioni limevutwa karibu kiasi kwamba mwanga wa kawaida unatosha kuhamisha elektroni kwenda kwa kationi. Buluu ya CuSO₄ iliyo na maji ni jambo jingine, inatokana na elektroni za d za shaba ndani ya duara la maji. Usiitaje kama mfano wa Fajans.

Kuna namba inayoonyesha kiasi cha tabia ya kovalenti?

Zipo mbili zinazosaidia. Ya kwanza ni kulinganisha nishati ya kimiani iliyopatikana kwa mzunguko wa Born–Haber (hesabu inayotokana na vipimo vya maabara) na ile iliyokokotolewa kwa kuchukulia duara zenye chaji tu. NaCl: 780 dhidi ya 770 kJ/mol, tofauti ya asilimia 1 hivi. AgI: 889 dhidi ya 808, asilimia 10. MgI₂: 2327 dhidi ya 1944, karibu asilimia 20. Tofauti kubwa inaonyesha kwamba mfano wa duara umeshindwa.

Ya pili ni dipoli ya molekuli moja katika mvuke, yaani kipimo, kwa debai, cha jinsi chaji zake zilivyotengana. NaCl ina dipoli ya debai 9.0 na umbali wa pikomita 236. Elektroni nzima ingehama ingetoa 4.80 × 2.36 = 11.3. Gawanya: asilimia 79. LiCl kwa njia hiyo hutoa 73 hivi, HCl karibu 18. Kumbuka hizi ni za molekuli pekee kwenye mvuke. Ndani ya fuwele kila anioni inavutwa kutoka pande zote kwa usawa, kwa hiyo upindaji si ule ule.

Nitumie Fajans au tofauti ya elektronegativiti?

Kwa molekuli zisizo na metali kabisa, kama HCl, elektronegativiti (nguvu ya atomi ya kuvuta elektroni za bondi). Kwa chumvi za metali, Fajans, hasa metali moja ikiwa na chaji mbili tofauti: elektronegativiti moja ya bati iliyo kwenye jedwali haikuambii kwa nini SnCl₂ ni mango na SnCl₄ ni kimiminika. Ila usidhani kuna Sn⁴⁺ halisi ndani ya SnCl₄. Chaji hiyo ni ya kuhesabia. Upolarishaji umekwenda mbali hadi ioni imepotea.

Upolarishaji ukizidi sana hutokea nini?

Elektroni huhama kabisa. PbCl₄ ikipata joto kidogo huachia Cl₂ na kubaki PbCl₂. PbI₄ haipo, kwa sababu I⁻ humrudishia Pb⁴⁺ elektroni papo hapo. Vivyo hivyo ukichanganya Cu²⁺ na I⁻ hupati CuI₂:

2Cu²⁺ + 4I⁻ → 2CuI + I₂

Mashapo ni meupe, lakini yataonekana kahawia hadi uondoe iodini kwa tiosalfati. Kipimo cha kiasi cha shaba kwa iodini kinategemea mmenyuko huu.

Nikiulizwa nilinganishe MgCl₂ na AlCl₃, nijibu vipi nipate alama zote?

Taja ioni, si atomi. Taja chaji na ukubwa vyote viwili, pamoja na namba ukiwa nazo. Taja anioni iliyopindishwa. Malizia kwa muundo, ndipo useme kuyeyuka. Hivi:

"Al³⁺ ina chaji kubwa na nusukipenyo kidogo kuliko Mg²⁺, kwa hiyo hupolarisha wingu la elektroni la Cl⁻ zaidi. Bondi za Al–Cl zina tabia kubwa ya kovalenti, na AlCl₃ ikipashwa moto huunda molekuli za Al₂Cl₆ zilizoshikana kwa kani dhaifu kati yake. MgCl₂ hubaki kimiani cha ioni, kinachohitaji joto kubwa kuvunjwa."

Misemo inayokatwa alama: "alumini ni ndogo" bila kusema ioni; "kloridi hupolarisha alumini", ambayo imegeuza mwelekeo; "AlCl₃ ni kovalenti kwa hiyo haiyeyuki majini", ambayo si kweli; na kutaja ukubwa wa kationi wakati swali linalinganisha AlF₃ na AlCl₃, ambapo kationi ni moja na anayetafutwa ni anioni.